Maisha ya Mirza Ulugh Beg, Sultani wa Samarkand na Mtaalamu wa Nyota

Kila mwaka, zinapobaki siku chache kuingia mwezi mtukufu wa Ramadhani, huwaona watu wetu baada ya sala ya Magharibi wamesimama nje ya msikiti, nyuso zimeelekea machweo, wakiutafuta mwezi. Huyu husema ameuona, na yule husema ni wingu tu. Hata wale ambao mwaka mzima hawakuinua macho kuitazama mbingu, jioni ile huwa wajuzi. Twalicheka jambo hili kidogo, lakini ndani yake mna ukweli mkubwa. Sala zetu tano zafuata mwendo wa jua. Funga na hija zafuata mwendo wa mwezi. Na msafiri wa usiku, awe baharini au nyikani, huitafuta kibla kwa nyota. Kwa hiyo Waislamu wa zamani hawakuiona elimu ya mbingu kuwa ni anasa ya watu wasio na kazi. Waliiona ni haja ya kila siku, nao wakaishughulikia kwa bidii ambayo sisi wajukuu zao hatuijui vizuri.

Katika kitabu hiki cha ukumbusho nimeonelea niandike habari za mtu mmoja miongoni mwao, ambaye alikuwa sultani na mwana wa sultani, akafa kwa upanga katika mwezi wa Ramadhani, na jina lake likabaki kwa sababu ya nyota, si kwa sababu ya ufalme. Naye ni Mirza Ulugh Beg wa Samarkand.

Kabla sijaendelea, yanipasa niondoe kosa moja. Kwetu sisi, mtu akisikia neno falaki, mara hufikiri habari za kupigiwa bao, kutazamiwa nyota ya ndoa na kuandikiwa hirizi. Elimu ninayoitaja hapa ni nyingine. Ni elimu ya kuipima mbingu: nyota hii iko wapi, jua litapanda kiasi gani adhuhuri ya kesho, sayari ile itarudi pale ilipo baada ya miaka mingapi. Ni hesabu, na hesabu haimwambii mtu bahati yake. Kweli, katika zama zile mambo haya mawili yalichanganywa, hata katika ikulu ya Ulugh Beg mwenyewe, nasi tutaona mbele namna mchanganyiko huo ulivyotajwa katika msiba wake.

Jina lake khasa ni Muhammad Taraghay bin Shahrukh bin Timur. Alizaliwa tarehe 22 Machi 1394 mjini Sultaniyya, katika nchi ya Uajemi, babu yake Timur alipokuwa katika safari zake za vita. Ulugh Beg ni lakabu, maana yake kwa Kituruki ni Bwana Mkubwa, nayo ikamganda hata jina la kuzaliwa likasahauliwa na wengi. Mama yake ni Bibi Gawhar Shad, yule aliyejenga msikiti mkubwa wa Mashhad uliomalizika mwaka wa 1418.

Babu yake, Timur, historia yamjua vema. Ni mtu ambaye miji ilifunga milango kwa kusikia jina lake, na iliyochelewa kufungua ilijuta. Mtoto Ulugh Beg alilelewa katika hema za mfalme huyo, akihamishwa nchi hata nchi nyuma ya jeshi. Husimuliwa kuwa katika safari hizo alipata kuona magofu ya Maragha, mahali ambapo mtaalamu Nasir al-Din al-Tusi alianza kujenga nyumba ya kutazamia nyota mwaka wa 1259. Ikiwa ni kweli, basi mtoto huyo, katika yote aliyoonyeshwa na babu yake, ngome na nyara na mateka, alichokichukua moyoni ni magofu ya nyumba ya elimu.

Timur alikufa mwaka wa 1405 huko Otrar, akiwa njiani kwenda kuipiga China. Wanawe na wajukuu wakagombea urithi, kama ilivyo desturi ya falme za upanga, hata mwisho Shahrukh akawashinda wote. Shahrukh akafanya makao yake Herat, na mwaka wa 1409 akampa mwanawe Ulugh Beg mji wa Samarkand na nchi zake. Kijana alikuwa na umri wa miaka 15 tu.

Watu wengine, wapewapo mamlaka katika umri huo, hutafuta farasi na vita. Ulugh Beg naye alipenda farasi na kuwinda kwa mwewe, lakini kilichomshika zaidi ni vitabu. Mwaka wa 1417 alianza kujenga madrasa kubwa katika uwanja wa Registan uliopo katikati ya Samarkand, ikamalizika mwaka wa 1420. Alijenga nyingine Bukhara, na juu ya mlango wake paliandikwa maneno ya kuwakumbusha watu kwamba kutafuta elimu ni faradhi ya waume na wake. Katika madrasa ya Samarkand palisomeshwa elimu ya dini, na pamoja nayo hesabu na elimu ya nyota. Sultani mwenyewe alihudhuria madarasa.

Mwalimu wake mkubwa alikuwa Qadi Zada, mtu wa Bursa katika nchi ya Rum, yaani Uturuki ya leo, aliyesafiri mwendo wote ule kutafuta elimu. Kisha akaja Jamshid al-Kashi kutoka Kashan, bingwa wa hesabu asiye na kifani katika zama zake. Ni yeye aliyepata uhusiano wa mzingo wa duara na kipenyo chake kwa usahihi wa tarakimu 16 baada ya nukta, mwaka wa 1424, na watu wengine hawakumpita mpaka karne iliyofuata ilipokaribia kwisha.

Al-Kashi alimwandikia baba yake barua kutoka Samarkand, na barua hizo zimehifadhiwa. Kwazo twaingia ikuluni kama kwamba tumealikwa. Aeleza kuwa siku moja sultani, akiwa juu ya farasi, alitaka kujua tarehe fulani ya mwaka uliopita iliangukia siku gani katika mwaka wa jua. Palepale, pasipo karatasi wala kalamu, farasi akienda, alihesabu kichwani mwake mahali pa jua kwa daraja na dakika, kisha aliposhuka akawauliza wataalamu wahakikishe, wakakuta kuwa amesema sawa. Asiyejua hesabu hizi atafikiri ni jambo dogo. Aliyepata kuzifanya kwa karatasi, na raba ya kufutia mkononi, atajua si dogo.

Lakini lililonipendeza mimi zaidi katika barua hizo ni jingine. Sultani alikuwa amewaruhusu wataalamu wake kubishana naye katika mas'ala ya elimu mpaka jambo lieleweke. Mtu akimkubalia kwa ajili ya kumwogopa au kumpendekeza, humkemea, kwa sababu kumkubalia hivyo ni kumhesabu kuwa mjinga. Mara nyingine akitoa makusudi neno lisilo kweli, akangoja. Na atakayelisifu kwa adabu ya ikulu, sultani hulirudia neno lile na kumwaibisha mbele ya wenzake. Fikiri, msomaji: huyu ni mjukuu wa Timur, mtu aliyeweza kuondoa kichwa cha mtu kwa kuashiria kidole, akiwataka watu wamwambie amekosea! Nimepata kukaa katika mikutano mingi ya watu wasio na upanga wala kiti cha enzi, na sijaona wengi wenye ruhusa hiyo.

Kuhusu kumbukumbu yake pana kisa maarufu. Alikuwa na daftari la kuandikia ndege wote walionaswa katika mawindo yake, ndege gani, siku gani na mahali gani. Daftari likapotea, mtunzaji akashikwa na hofu kubwa. Sultani akamwambia asiogope, akamwimlia lote kwa kichwa. Baadaye lile la kwanza likaonekana, wakayalinganisha mawili, wakakuta yametofautiana mahali pane au patano tu.

Sasa tufikie kazi yake kubwa. Katika miaka iliyofuata 1420 Ulugh Beg aliamuru ijengwe nyumba ya kutazamia nyota juu ya kilima nje ya mji, upande wa kaskazini mashariki. Ilikuwa jengo la mviringo, ghorofa tatu, urefu wake yapata mita 30. Jengo lote lilikuwa kama ganda la ala moja kubwa iliyokuwa ndani yake. Wataalamu waliiita sudusi, kwa kuwa ilikuwa ni tao la sehemu ya sita ya duara. Tao hili la mawe lilipangwa sawasawa kutoka kusini hata kaskazini. Upande wake wa chini ulizama katika handaki lililochimbwa mwambani, na upande wa juu ukapanda hata kileleni mwa jengo. Nusu kipenyo chake kilikuwa yapata mita 40.

Kwa nini kubwa hivyo? Jambo hili lataka kufahamika, maana ndiyo roho ya habari yenyewe. Duara hugawanywa sehemu 360 ziitwazo daraja. Kila daraja ina dakika 60, na kila dakika sekunde 60, nazo si dakika za saa bali ni vipimo vya pembe. Mtu akiwa na ala ya shaba ya kushika mkononi, daraja moja huwa ni nafasi nyembamba kama ukucha, na dakika hazionekani kabisa. Wakati huo darubini haikuwapo. Ilielekezwa mbinguni mara ya kwanza katika mwaka wa 1609. Asiye na darubini ana njia moja tu: kuikuza ala. Katika tao la Samarkand, daraja moja ilichukua nafasi ya sentimita 70, dakika moja ilizidi sentimita nzima kidogo, na sekunde 5 zilikuwa kama milimita moja. Jua la adhuhuri lilipenya katika kitundu kilichokuwa juu, doa la mwanga likaangukia tao, na mtaalamu akasoma alama pale doa lilipotulia.

Kwa doa hilo walipata mambo makubwa. Siku ndefu kabisa ya mwaka, adhuhuri ya Samarkand huliona jua limepanda karibu daraja 74 kutoka upeo wa macho. Siku fupi kabisa, halifiki daraja 27. Tofauti ni daraja 47 hivi, na nusu ya tofauti hiyo ni mwinamo wa mhimili wa dunia, ambao ndio unaoleta majira ya baridi na ya joto. Ulugh Beg aliupata kuwa daraja 23, dakika 30 na sekunde 17. Wataalamu wa leo, wakihesabu kurudi nyuma hata zama zile, huona kwamba alikosea nusu ya dakika moja ya daraja. Kadhalika alipima mwaka wa nyota, yaani muda wa jua kurudi penye nyota ileile, akapata siku 365, saa 6, dakika 10 na sekunde 8. Hesabu ya leo ni pungufu yake kwa sekunde 58 tu. Katika mwaka mzima wenye sekunde zaidi ya milioni 31, huyu alikosa sekunde 58.

Kisha akazigeukia nyota. Tokea siku za Batlamyusi wa Iskandaria, aliyeishi katika karne ya pili ya Miladia, watu walikuwa wakiinakili orodha yake ya nyota na kuongeza tu hesabu ya kusogea kwake. Maana nyota zote zaonekana kusogea pamoja polepole mno, kwa sababu mhimili wa dunia wenyewe wayumba kama pia inayokaribia kulala. Batlamyusi alisema husogea daraja moja kwa miaka 100. Samarkand walipata miaka 70, na kweli yake ni yapata 72. Basi nakala juu ya nakala, makosa ya kale yakarithiwa kama mali. Ulugh Beg akaona haifai. Akaamuru nyota zipimwe upya, moja moja, kwa macho na kwa ala za mahali pale. Kazi ilichukua miaka mingi. Al-Kashi alifariki mwaka wa 1429, Qadi Zada naye akamfuata baadaye, na iliyobaki ikamalizwa na kijana aliyelelewa na sultani mwenyewe, Ali Qushji, ambaye baba yake alikuwa mtunza mwewe wa ikulu. Kijana huyu, husimuliwa kuwa alitoroka bila ruhusa kwenda Kirman kusoma, na aliporudi kuomba radhi alileta zawadi ya risala aliyoiandika juu ya sura za mwezi, namna unavyokua na kupungua. Akasamehewa. Nadhani hapakuwa na zawadi nyingine ambayo ingalimfungulia mlango ule.

Mwaka wa 1437 orodha ikawa tayari: nyota 1,018, kila moja na mahali pake. Nazo ziliandikwa katika kitabu kiitwacho Zij-i Sultani, kwa lugha ya Kiajemi, pamoja na habari za tarehe za mataifa mbalimbali, jedwali za hesabu za pembe, mahali pa miji kwa ajili ya kibla, na mwendo wa sayari.

Hapa pana jambo dogo ambalo sisi tunaokaa karibu na Ikweta litatufurahisha. Samarkand iko mbali kaskazini, na nyota za kusini kabisa haziinuki juu ya upeo wake. Nyota ya Suheli, ambayo mabaharia wa pwani yetu waliitumia kuijua kusini kama walivyoitumia Jaa kuijua kaskazini, haionekani kamwe kutoka kilima kile. Nyota 27 za namna hiyo sultani hakuweza kuzipima, naye hakujidai. Alisema wazi kuwa amezichukua katika kitabu cha Abdurrahman al-Sufi, aliyekuwa ametangulia kwa karibu miaka 500, na ambaye aliishi Shiraz, upande wa kusini zaidi. Nyota hizo ambazo mfalme mwenye jengo la ghorofa tatu alizikosa, mtoto wa kwetu aliyetumwa maji jioni huziona bure.

Na sayari je? Watu wa kale walizijua tano: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mushtari na Zohali. Walizitofautisha na nyota kwa kuwa hizi hazikai mahali pamoja; leo iko karibu na Kilimia, miezi mingi baadaye imekwenda mbali nacho. Tena hazimetimeti kama nyota. Kazi ya kuzipima yataka subira, kwani Zohali huzunguka mbingu yote kwa karibu miaka 30. Anayeianza kazi akiwa kijana ataimaliza ana mvi. Ulugh Beg aliandika kuwa kwa mwaka mmoja Zohali huenda daraja 12, dakika 13 na sekunde 39, na hesabu ya leo yapungua sekunde chache tu.

Lakini haki itendeke: alipima vizuri kuliko alivyofahamu. Yeye na wenzake wote waliamini kuwa dunia imesimama katikati, na jua na sayari huizunguka. Ali Qushji baadaye aliandika kwamba hakuona katika yale yanayoonekana dalili ya kukanusha kuwa dunia yaweza kujizungusha yenyewe, naye alikuwa amekaribia mlango. Mwaka wa 1543 ndipo Copernicus wa Poland alipochapisha kuwa jua ndilo lililo katikati, na dunia ni sayari kama nyingine. Leo twajua kuwa sayari ni nane, mbili za mwisho, Uranus na Neptune, zikiwa zimegunduliwa kwa darubini katika miaka ya 1781 na 1846. Twajua kuwa jua liko mbali nasi kilomita milioni 150, hata mwanga wake huchukua dakika 8 na zaidi kutufikia. Na nyota iliyo karibu nasi baada ya jua, mwanga wake huchukua miaka 4 na zaidi. Kila nyota katika zile 1,018 ni jua lenye nuru yake, hali sayari hazina nuru ila waliyoazimwa na jua letu. Mambo haya Ulugh Beg hakuyajua. Ila vipimo vilivyo sahihi havichakai, hata rai ya mpimaji ikibadilika.

Sasa yanibidi niandike sehemu ya huzuni, wala sitaki kumpamba marehemu kwa asilokuwa nalo. Katika utawala na vita hakuwa kama alivyokuwa katika hesabu. Mwaka wa 1427 alitoka kupigana na Baraq, mkuu wa makabila ya kaskazini, akashindwa vibaya na watu wachache kuliko jeshi lake. Baba yake Shahrukh alighadhibika sana, na tangu hapo Ulugh Beg hakupenda tena kwenda vitani. Masheikh wengi wa nchi hawakupendezwa na karamu za ikulu yake, wala na ushuru aliowatoza wafanya biashara. Hakuwa walii. Alikuwa mtu aliyepewa kazi mbili, moja akaiweza kuliko watu wote, na ya pili ikamshinda.

Shahrukh alipofariki mwaka wa 1447, vita vya urithi vikarudi. Ulugh Beg alikuwa na wana wawili waliotajwa katika habari hii, Abd al-Latif na Abd al-Aziz. Mwaka wa 1448 walishinda vita karibu na Herat, na Abd al-Latif alikuwa amepigana kiume. Lakini baba akaamuru tangazo la ushindi liandikwe kwa jina la mdogo, Abd al-Aziz, aliyempenda zaidi. Kadhalika mali ambayo Abd al-Latif aliidai kuwa ni yake katika ngome ya Herat hakupewa. Mtu aliyeweza kupima sekunde 5 juu ya tao la mawe hakuweza kupima sawa baina ya wanawe wawili. Wengine husimulia kwamba sultani aliona katika nyota kuwa mwanawe huyu atamdhuru, akamchukia kwa hiyo. Ikiwa ni kweli, basi ule mchanganyiko wa hesabu na ubashiri nilioutaja mwanzo ulimponza, kwa sababu chuki ya baba ndiyo iliyoleta jambo alilolikimbia.

Mwaka wa 1449 Abd al-Latif, aliyekuwa liwali wa Balkh, aliasi. Baba na mwana wakakutana vitani karibu na Samarkand, na baba akashindwa. Alikimbilia mji wake, mji alioutawala miaka 40, akakuta lango limefungwa, na aliyelifunga ni mtu aliyemweka yeye mwenyewe. Hakuwa na pa kwenda. Akajisalimisha kwa mwanawe, akaomba jambo moja tu, aachwe aende kuhiji Makka. Ruhusa ikatolewa hadharani. Kwa siri yakafanywa mengine: akatafutwa mtu ambaye baba yake aliwahi kuuawa kwa amri ya Ulugh Beg, akaambiwa adai kisasi, na maulamaa wakatakiwa watie sahihi fatwa ya kuhalalisha damu ya sultani. Wakatia. Kadhi mmoja wa Samarkand alikataa.

Ulugh Beg akatoka na msafara mdogo kuelekea hija. Hawakwenda mbali. Katika kijiji kilicho karibu na mji walifikiwa na wajumbe, wakaambiwa wangoje, na hapo, tarehe 27 Oktoba 1449, katika mwezi wa Ramadhani mwaka wa 853 Hijria, alikatwa kichwa. Umri wake ulikuwa miaka 55. Abd al-Aziz naye aliuawa siku zilezile. Abd al-Latif alitawala miezi sita, kisha wafuasi wa baba yake wakamwua, na kichwa chake kikatundikwa katika madrasa ya Registan, ile aliyoijenga baba.

Ulugh Beg alizikwa katika kuba ya Gur-i Amir, karibu na babu yake Timur. Mwezi wa Juni 1941 wataalamu wa Urusi walilifungua kaburi, wakaona kuwa habari za vitabu zilikuwa kweli: shingo ilikatwa kwa pigo la upanga, na maiti alizikwa na nguo zake, kama azikwavyo shahidi.

Baada ya kifo chake nyumba ya kilimani iliachwa, mawe yakachukuliwa, na mahali penyewe pakasahauliwa. Kitabu ndicho kilichosafiri. Ali Qushji alitoka Samarkand, akapita Herat na Tabriz, na mwisho akafika Istanbul, ambako Sultani Muhammad Fatihi alimpokea kwa heshima na kumweka kuwa mwalimu. Akafia huko mwaka wa 1474. Nakala za Zij zilienea katika nchi za Kiislamu, kisha zikafika Uingereza, na mwaka wa 1665 Thomas Hyde alichapisha orodha ya nyota huko Oxford, pamoja na tafsiri yake ya Kilatini. Mwaka wa 1690 kikatoka kitabu cha Johannes Hevelius wa Danzig chenye picha ya wataalamu wakubwa wa nyota wameketi pamoja, na miongoni mwao yumo Ulugh Beg. Hata juu ya uso wa mwezi pana shimo kubwa lililopewa jina lake.

Nyumba yenyewe ilipatikana mwaka wa 1908. Mrusi mmoja, Vasily Vyatkin, alikuwa akisoma hati za zamani za Samarkand, akaikuta hati ya wakfu iliyotaja mipaka ya shamba fulani, na katika mipaka hiyo kilitajwa kilima cha nyumba ya nyota. Akaenda na wachimbaji, akachimba pale palipotajwa. Chini ya udongo walikuta handaki mwambani, na ndani yake sehemu ya chini ya lile tao, marumaru zake zingali mahali pake, na alama za daraja zimechongwa juu yake kwa herufi za abjadi.